Nguruwe wa Nadhiri

Shuiwei, 12 Juni 1994

Mwanangu A-Lien,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Hapa sote wazima, isipokuwa mmoja.

Nguruwe ameacha kula. Alianza kwa kubakiza, mama yako akasema ni joto. Halafu akawa anaonja na kugeuza uso kama bibi harusi. Sasa analala tu na kututazama. Nimemwita yule kijana daktari wa mifugo, akampima, akamgonga tumbo, akasema, "Mzee Tseng, huyu hana ugonjwa." Nikamwuliza, kama hana ugonjwa mbona hali? Akajibu, "Labda ameshiba." Kijana amesoma mpaka chuo kikuu ili aje kuniambia hivyo.

Unajua mwaka huu, katika sikukuu ya Mashujaa wetu wa kale waliokufa wakiilinda ardhi hii, ni zamu ya kata yetu kupeleka hekaluni nguruwe wa sadaka wapimwe uzito. Zamu huja mara moja kila miaka kumi na tano. Iliyopita, homa ya nguruwe ilitufagilia zizi tukaenda hekaluni mikono mitupu. Mimi nina miaka sitini na sita, kwa hiyo piga mahesabu mwenyewe kama nina zamu nyingine.

Mnyama huyu tumemlea miaka miwili na zaidi. Ana mapangaboi mawili, sisi tuna moja. Ana chandarua. Mama yako humgeuza ubavu asipate vidonda na humlisha uji kwa mkono. Amekaribia kilo mia saba. Wa Mzee Peng, ng'ambo ya mto, wanasema ameshapita hapo, na Peng mwenyewe hupita hapa kila asubuhi na baiskeli yake, anauliza, "Jirani, mgonjwa wako kaamkaje?"

Kaka yako Wen-hsiung ameniambia kwamba huko Taichung kazi yako ni kuwatia vifaranga dawa kichwani, wengine wakala wasiache, wengine wakaacha wasile. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba binti yangu ni daktari wa kuku. Kumbe ninachokitafuta unacho wewe. Nitumie ile ya kula wasiache. Sikukuu ni mwishoni mwa Agosti.

Simu usipige. Sikio la kushoto limekufa, na la kulia linamsikia mama yako peke yake. Andika.

Baba yako,
Tseng Ting-pao


Taichung, 17 Juni 1994

Baba, shikamoo.

Nimepata barua yako na nimeifikiria sana kabla ya kujibu. Dawa hiyo sitaituma. Naomba unisikilize sababu.

Katika ubongo wa mnyama kuna vipokezi. Vifikirie kama vitasa vidogo sana, na mwili una funguo zake. Ufunguo mmoja ukiingia kwenye kitasa chake, kifaranga anainamia chakula. Mwingine ukiingia, anainua kichwa na kuondoka. Walionifundisha walidhani kila kitasa kina mlango wake, njaa huku na shibe kule. Kazi yangu ya miaka hii yote imekuwa kuonyesha kwamba vitasa hivyo hutegemeana. Nikimpa kifaranga kitu kinachomfanya aone utamu, anakula. Nikimpa kitu hicho hicho baada ya kuziba kitasa kingine, ambacho ungedhani hakihusiki, utamu haumfanyi chochote, ni kama sikumpa. Na nikiziba kile kinachosema "basi", utamu unapita kiasi, maana hakuna wa kuuzuia. Ni kama kikao cha ukoo, Baba. Hakuna anayeamua peke yake, hata yule anayedhani anaamua.

Yule kijana amekuambia kweli. Mafuta ya nguruwe wako, joto la Juni, uzito unaomkandamiza mapafu, vyote vinapeleka habari kichwani, na kikao kizima kimesema imetosha. Nikikupa kitu cha kukinyamazisha kikao, atakula. Lakini moyo wake utabaki ule ule.

Acheni kumlisha kwa nguvu. Mmwagilieni maji, mpeni chakula alfajiri kabla ya jua, majani ya viazi badala ya uji mzito. Hataongezeka sana, ila atafika sikukuu akiwa hai.

Na tusifichane. Tangu nikiwa sekondari nilikuambia siwezi kwenda kumshangilia mnyama aliyelishwa mpaka akashindwa kusimama. Mwaka huu pia sitakuja. Usinione mkaidi, mimi bado ni A-Lien wako.

Mwanao,
Shu-lien


Shuiwei, 21 Juni 1994

A-Lien,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Nimeelewa kwamba ndani ya kichwa cha nguruwe kuna kikao cha ukoo. Katika nyumba yangu hakipo, maana kingekuwapo watoto wangewasikiliza wazee.

Sikukuomba somo. Nilikuomba dawa.

Majani ya viazi tumempa. Ameyalalia.

Leo Peng kaniambia mbele ya watu dukani, "Jirani, kama hataki kula mpeleke shule, huenda akapata shahada." Watu wakacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini.

Usijisumbue tena.

Tseng Ting-pao


Shuiwei, 28 Juni 1994

A-Lien mwanangu,

Usishangae mwandiko, kalamu na mimi tulikwisha kusahauliana. Baba yako kaenda kwenye michungwa na hajui kama naandika. Usimwambie.

Umenuna, naye kanuna. Nimekaa nikaona mnagombana juu ya kitu ambacho mmoja wenu anakijua na mwingine hakijui. Hiyo si haki.

Ulikuwa na miaka minne. Homa ilikupanda kichwani, shingo ikakaza kama ubao. Hospitali walitushauri tukurudishe nyumbani, na sisi tulielewa maana yake. Hukuwa unakula chochote. Maji tukikutilia mdomoni yalitoka pembeni. Baba yako akaenda hekaluni kwa miguu, mvua inanyesha, akapiga magoti mbele ya Mashujaa akasema, huyu akiishi nitawaletea nguruwe mkubwa kupita wote nitakaoweza kulea. Hakusema mkubwa kupita wa watu. Alisema kupita wote nitakaoweza. Ndiyo maana hawezi kupunguza, A-Lien. Watu wanadhani anashindana na Peng. Peng ni wa kumpotezea mawazo tu. Aliporudi amelowa chepechepe, ulikuwa umefungua macho na unaomba kiazi.

Alinikataza nisikuambie. Alisema mtoto asikue akijua kwamba kuna kitu kinadaiwa juu yake. Zamu iliyopita tulipokwenda mikono mitupu, alikaa mwaka mzima akishtuka kila ulipokohoa. Mpaka leo barua yako ikichelewa anapata maumivu ya tumbo, anasema ni kachumbari.

Sikuambii utume wala usitume. Anayemlisha mnyama ni mimi, na nakuambia amechoka. Akinitazama naona haya. Lakini na baba yako amechoka. Mimi niko kati ya hao wawili na sijui nimwonee huruma nani kwanza.

Mama yako


Taichung, 4 Julai 1994

Baba, shikamoo.

Nimefikiri upya. Usiniulize sababu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna unga mweupe. Unaziba kile kitasa nilichokuambia, kinachosema "basi". Changanya nusu ya kijiko cha chai kwenye uji wa alfajiri, mara moja kwa siku, kwa siku tano. Baada ya hapo acha, hata kama bado anataka. Hasa kama bado anataka. Ukimwona anahema kwa mdomo, acha siku hiyo hiyo na umwagie maji. Uliobaki uchome moto. Usimpe mtu mwingine wala usimwonyeshe.

Soma tena maneno hayo, Baba, ukiwa na miwani.

Nimeamua pia kuja kwenye sikukuu, kama hutakataa.

Mwanao,
Shu-lien


Shuiwei, 14 Julai 1994

Mwanangu A-Lien,

Ameinuka.

Siku ya kwanza sikuona kitu, nikasema moyoni, mtoto kanitumia chokaa. Siku ya pili alivuta pua. Ya tatu akamaliza ndoo mbili, akalamba hori, akanitazama kama anayeuliza ndoo nyingine zimekwenda wapi. Mama yako akakaa kwenye kiti cha zizi akimtazama.

Peng alipita asubuhi, akasimamisha baiskeli, hakuuliza lolote. Nikamwuliza mimi, "Jirani, wako kaamkaje?" Nimeishi kuiona siku hiyo.

Nusu kijiko ni cha mtoto mchanga. Huyu ni mnyama mzito kuliko familia nzima ikipanda mizani pamoja. Kwa hiyo nilimpa kijiko kizima, na siku tano zilipokwisha sikuona sababu ya kumrudisha kwenye njaa, kwa sababu unga bado upo. Mama yako ananung'unika kwamba anahema. Kila mnene anahema.

Nilikuandikia maneno makali mwezi uliopita. Yasahau. Nimewaambia watu kwamba anakula kwa kazi ya binti yangu. Mmoja akauliza, "Yule daktari wa kuku?" Nikamwambia, "Huyo huyo, na wewe kajipime."

Njoo sikukuu. Nitakutengea mahali pa mbele.

Baba yako,
Tseng Ting-pao


Taichung, 18 Julai 1994

Baba,

Acha leo. Usimalize kusoma, nenda kwanza zizini ukamwage uji, kisha urudi.

Nimepiga simu tangu jana na laini imekufa. Redio inasema kimbunga kimeangusha nguzo upande wenu, na posta wananiambia barabara ya bondeni imefungwa. Sijui barua hii itapitia wapi. Nimemwomba mungu yeyote anayehusika na barabara.

Nitakuambia nilichopaswa kukuambia mwanzo. Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilikuwa na kifaranga mmoja ambaye tulimpa kitu kama hicho. Alikula vizuri, nikafurahi kama wewe ulivyofurahi. Kisha niliona kwamba anakula huku miguu imemlegea. Kile kifuko cha chakula shingoni kilikuwa kimejaa mpaka kikawa kigumu kama jiwe, na bado anadonoa. Nilipomwondolea chakula alidonoa sakafu. Hakuwa na njaa, Baba. Hakuwa na kitu chochote ndani yake cha kumwambia aache. Ukimtazama mnyama wa namna hiyo unadhani ana furaha, kwa sababu tumezoea kuona anayekula kuwa ni mzima.

Anayehema kwa mdomo hahemi kwa sababu ya unene. Moyo wake unaomba apumzike, na mimi nimemzibia masikio.

Acha. Awe mwembamba, awe wa mwisho, mpeleke hivyo hivyo. Nijibu upesi.

Shu-lien


Shuiwei, 8 Agosti 1994

A-Lien,

Barua yako imefika, imelowa lakini inasomeka. Wen-hsiung ameniambia unapiga simu kila jioni. Nilimwagiza akujibu kwamba niko shambani, na kweli niko shambani, kimbunga kimeng'oa michungwa.

Unga nimeacha. Mambo ni mazuri.

Usije sikukuu. Barabara mbovu, jua kali, na watu watakuwa wengi. Baki kwenye kazi yako. Nitakusimulia.

Baba


Shuiwei, 28 Agosti 1994

Mwanangu mpendwa A-Lien,

Sikukuu imepita na imepita vizuri. Hukuwapo kwa sababu nilikukataza mimi, kwa hiyo ni haki yako nikusimulie.

Tulimchinja na kumnyoa kama desturi, tukamwachia ule mstari wa nywele mgongoni. Tukamtia nanasi mdomoni na kumpandisha kwenye gari la maua, taa nyekundu juu, za kijani pembeni. Wanaume wa kata nzima walisukuma. Pale kwenye daraja gari lilikwama kidogo, Wen-hsiung akaweka bega, likapita. Watu walisimama pande zote mbili za barabara. Mwanamke mmoja alimwinua mtoto wake juu ili amwone vizuri, na mtoto akaogopa akalia, kila mtu akacheka.

Kwenye mizani alikuwa wa tatu. Ningeweza kusema wa kwanza, lakini wa tatu ndiyo kweli. Wa Peng ndiye wa kwanza. Nilikwenda kumpa mkono, akaniambia, "Jirani, wako ana sura nzuri zaidi." Sikulitarajia neno hilo kutoka kwake.

Kuhani akasoma majina, akasoma na langu. Nikainama mara tatu. Nilipoinuka, magoti hayakuuma. Nyama tumeigawa kwa ndugu na majirani, haikubaki hata kwato.

Kwa hiyo jambo hili limekwisha. Hakuna kilichobaki upande wetu. Nataka ulielewe hilo vizuri, hakuna kilichobaki. Wewe fanya kazi yako, lala mapema, na barabara za huko uvuke kwa uangalifu, nasikia pikipiki ni nyingi.

Baba yako akupendaye,
Tseng Ting-pao


Shuiwei, 5 Septemba 1994

A-Lien,

Barua yako ya kumpongeza baba yako imefika. Alinisomea kwa sauti mpaka mwisho, akaikunja, akatoka, nikamsikia anatapika nyuma ya zizi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hakukuwa na gari la maua. Nguruwe alikufa asubuhi ya kimbunga, barua yako ya kusema acheni ikiwa bado haijaandikwa. Baba yako alikuwa amefikia vijiko vitatu. Nilimwambia, "Mzee, anapumua kama garimoshi." Akaniambia, "Leo tu." Kila siku ilikuwa leo tu. Na alikufa anakula, mwanangu. Kichwa kilikuwa horini, taya zinakwenda, kisha zikasimama uji ungali mdomoni. Baba yako alidhani anapumzika. Aliendelea kumshikia ndoo mpaka nikamtoa mkono.

Tulimzika kwenye mianzi, kwenye matope, majirani wakatusaidia. Nguruwe aliyejifia hapelekwi mbele ya Mashujaa. Siku ya sikukuu baba yako alikwenda na nguruwe wa unga wa ngano, wale wa kununua mjini, mkubwa kama paka. Akamweka kwenye mstari. Huku na huku milima ya nguruwe wa watu na taa zao, na katikati yule wetu kwenye sahani. Watoto walicheka. Mmoja akamwambia, "Babu, huyo wako bado ananyonya?" Aliyewafokea ni Peng, yule yule. Kisha akachomoa taa moja kwenye gari lake, akaja kuitundika kwetu.

Alichokuandikia sikujua, mpaka uliposhukuru kwa habari za nguruwe kuwa wa tatu.

Tangu siku ile baba yako hali chakula. Uji vijiko viwili, anasema ameshiba. Nimempikia tambi pana za mchele na vitunguu vya kukaanga, zile alizokuwa akiniibia jikoni, anazisogeza. Suruali anaifunga kwa kamba. Simu ikilia anatoka nje ya nyumba. Anaamini kwamba alichokiahidi kimekataliwa, na kwamba Mashujaa waliokurudisha watakuja kukuchukua. Hajasema hivyo. Ila kila asubuhi anauliza, "Kuna habari ya Taichung?" nikisema hakuna, ndipo anapovaa viatu.

Hii ni mara ya pili namvunjia neno kwa ajili yako. Sijui kama nafanya vizuri.

Mama yako


Taichung, 9 Septemba 1994

Baba, shikamoo.

Mama ameniambia yote, na nadhiri pia. Usimkasirikie. Amebeba siri zako na zangu kwa pamoja, na mabega ni yale yale mawili.

Ile barua yako ya sikukuu nimeisoma mara nyingi kabla na baada ya kujua. Bado naipenda. Lakini sitaki uendelee kuilinda.

Unga ule ni wangu. Mimi ndiye niliyeujua, wewe ulijua kijiko tu. Nilijua kwamba mtu aliyengoja miaka thelathini hawezi kushika nusu kijiko. Nilijua na nikautuma, nikaandika masharti marefu, na sasa naona masharti yale yalikuwa ya kunilinda mimi, si ya kumlinda mnyama wala wewe. Nilitaka kukulipa kitu nilichokuwa nimetoka kukijua, tena upesi, nisikae nacho. Unga wenyewe niliutoa kazini bila ruhusa. Nimewaambia wakuu wangu. Wamechukua ufunguo wa chumba cha wanyama mpaka kikao kikae, na sijui kitaamua nini. Usihangaike kwa hilo. Nakuambia ili tusibaki tena na jambo lililofichwa.

Sasa kuhusu wewe kutokula.

Kuna jaribio tunalolirudia kila mwaka. Kifaranga akitengwa na wenzake, analia, na hofu yake inashika kitasa chake. Hapo hata umpe kitu cha kuleta njaa kali kuliko vyote tunavyovijua, hainami. Hofu imeikalia njaa. Watu wengi wenye akili wametafuta cha kuiondoa hofu hiyo bila kuharibu kitu kingine, nami nimekuwa mmoja wao. Hatujapata. Akirudishwa kwa wenzake anakula, basi. Sina unga wa kukutumia, Baba, na ningekuwa nao nisingeutuma.

Mimi ni mzima. Nakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi. Sijui lugha ya Mashujaa, wewe ndiye unayeijua. Badala ya kuwaogopa ukiwa nyuma ya zizi, nenda ukawaulize.

Mwanao aliye hai,
Shu-lien


Shuiwei, 16 Septemba 1994

A-Lien,

Mama yako nilimkasirikia siku moja. Ya pili alinitazama tu, nikaona ni kazi bure.

Nimekwenda. Niliwasha ubani, nikataja jina langu na mahali ninapoishi, ingawa wanapajua, nikarusha vile vibao viwili vya kuulizia. Nikauliza, je, bado mnanidai? Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi ni ndiyo. Vyote kifudifudi ni hapana. Vikaanguka vyote chali, ambayo maana yake wanacheka. Nikauliza kwa njia nyingine, je, mtoto yuko salama? Wakacheka. Mara ya tatu sikuuliza kitu, nilirusha tu. Vyote chali. Mtunza hekalu alikuwa anafagia, akaegemea ufagio akasema, "Mzee Tseng, umewaambia kichekesho gani?"

Sijui walikuwa wananicheka au wanacheka pamoja nami. Kucheka si ndiyo wala si hapana. Nimerudi na kile kile nilichokwenda nacho, na sitakudanganya tena nikuambie nimepona. Juzi nilikula nusu bakuli. Jana sikuweza. Usiku huwa namwona yule mnyama, taya zinakwenda.

Kuhusu unga unasema ni wako. Kijiko kilikuwa changu. Tusigombane, kila mtu abebe chake.

Habari ya yule kifaranga aliyetengwa na wenzake nilimsomea mama yako. Hakungoja nimalize. Akasema, "Basi nenda." Kwa hiyo Jumapili ya wiki ijayo napanda treni ya asubuhi kuja huko. Nisubiri pale abiria wanapotokea. Ukiniita sitasikia, kwa hiyo nishike mkono.

Usipike na usiwaambie watu kwamba baba yako anakuja. Nipeleke unapokula kila siku, agiza kile unachokula kila siku. Mimi nitakaa upande wa pili wa meza. Nataka kukuona unakula.

Baba yako,
Ting-pao